Sponji Chini ya Leso

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Joyline amenivalisha gauni la kijani, lile la kubana, akanirekodi mbele ya duka mpaka miguu ikauma. Yeye ndiye mwenye duka na wimbo wake ni mmoja: nguo haiuziki ikivaliwa na mtu aliyenyooka kama mlingoti wa stima. Ndiyo maana alininunulia zile taiti zenye sponji kwenye nyonga. Ati ni za video tu. Sasa nazivaa dukani, kanisani, hata nikienda kununua maziwa. Embu nzima inanijua nikiwa na hips.

Kailemia, mchumba wangu, naye ananijua hivyo hivyo. Aliniona kwanza kwa TikTok, kisha akashuka kutoka Kibirichia, Meru, na kisingizio cha kumnunulia dada yake blauzi. Tumekubaliana kusubiri harusi, kwa hivyo hajui. Akinikumbatia naweka mkoba ubavuni.

Ruracio, sherehe ya kuleta mahari, ni Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani Karurumo. Shangazi Cicily amepiga simu, anatafuta wasichana wa kufunikwa pamoja nami. Tutasimama kwa laini, leso kutoka kichwani mpaka chini, na Kailemia anichague. Akikosea ni faini, na watu wa kwetu watamcheka mpaka azeeke. Mimi sina wasiwasi. Na sponji yangu, atanijua hata akifumba macho.

Alhamisi, 7 Agosti

Kailemia amepiga simu akiwa shambani kwao, wanavuna viazi. Nikamuuliza kama anaogopa. Akacheka. Akasema hata wanifunike na godoro, umbo langu atalijua tu, si ndilo lililomtoa Kibirichia.

Nilitaka kumwambia hapo hapo. Nikamuuliza bei ya viazi.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikuwa nyumbani leo kupimwa kitenge cha ruracio. Fundi alipitisha tepu juu ya sponji. Mama akatazama hiyo namba akafurahi, akasema mji umenikubali, nimeanza kushika mwili. Nimejisikia vibaya sana. Mama hajawahi kunidanganya hata kuhusu chumvi.

Mukami pia alipimwa. Ni binti ya Shangazi, amemaliza shule juzi, na sisi wawili tumetoka kiwanda kimoja: shingo ndefu, mabega, basi, huko chini ni kuteremka tu. Fundi alimtania kwamba kitenge chake kitabaki kingi. Mukami akasema kikibaki amshonee mfuko wa kubebea maharagwe ya njahi. Akacheka na mdomo wote. Huyu mtoto sijui alipata wapi kutojali. Ningempa mshahara wangu anifundishe.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwandikia Kailemia ujumbe mrefu. Nimeufuta. Nimeandika mfupi. Nimeufuta pia. Mwishowe nimemtumia picha ya gauni la kijani, mjinga mimi, na akajibu na emoji za moto na mioyo.

Uji wa soya nimekunywa miezi na miezi. Ulinenepesha mashavu tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilifika nyumbani jana jioni na taiti zimeloa mvua. Asubuhi nikazianika nyuma ya nyumba, chini ya shuka, nikijua baridi ya Agosti haikaushi kitu lakini nifanyeje. Shangazi Cicily akaenda kuanua shuka.

Alikuja nazo jikoni, ameshika kwa vidole viwili. Akazibonyeza. Zikarudi. Akazibonyeza tena. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, mimi na sketi yangu inayoninginia, kisha akakaa kwenye kigoda akacheka mpaka machozi. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kwa sababu Shangazi ndiye fundi wa kufunika maharusi hapa Karurumo. Kumchanganya bwana harusi ndiyo sifa yake. Amewahi kumfungia msichana sweta tumboni, amewahi kumsimamisha mwingine juu ya tofali. Akasema Mungu amemletea kazi ikiwa tayari imefanywa: kesho sponji atavaa Mukami, mimi nisimame hivi nilivyo, na huyo kijana wa Meru atajuta kutujua.

Nikasema hapana, Shangazi, tafadhali. Akauliza kwa nini. Jikoni kulikuwa na Mama, na majirani wanachambua mchele, wote wananisikiliza. Ningesema nini? Kwamba nisipozivaa hatanijua? Kwamba hajawahi kuniona?

Nikasema sawa.

Jumamosi, 16 Agosti

Wageni wameshapita Runyenjes. Kuna ukungu. Wenzangu wanapakana mafuta wakiimba. Nimevaa kitenge na kiuno kimelegea, Mama amekishika na pini bila kuuliza chochote. Nafikiri anajua Kailemia hajaambiwa. Alinishika shavu akatoka.

Kama Kailemia ananipenda mimi atanijua. Miguu, pumzi, kitu. Mtu anajua mtu wake.

Jumamosi, bado, chumbani kwa Mama

Naandika haraka. Wametupa muda kidogo kabla ya kurudia.

Shangazi alitufunika hata miguu. Chini ya leso huoni kitu, unasikia tu. Nilisikia viatu vya Kailemia vikija kwenye nyasi. Alisimama mbele yangu. Nilinusa ile sabuni yake. Nikasema moyoni, ni mimi, ni mimi. Mguu wangu ulitetemeka na nikauacha utetemeke makusudi, aone.

Akapita.

Hakukawia hata kidogo. Alienda moja kwa moja kwa Mukami, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya mtu aliyepata chake: huyu. Wakamfunua. Vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakalia. Watu wake wakaanza kulalamika na wetu wakaanza kuimba faini. Sisi wengine tukarudishwa ndani bado tumefunikwa, Mukami pamoja nasi, tupangwe upya.

Simu yangu ilikuwa kitandani. Ameandika: "Uko wapi kwani? Mbona hukuwa kwa laini?"

Nimesoma mara nyingi sana. Hakuuliza nilikuwa yupi kati yao. Ameamini sikuwepo.

Nimemjibu: "Nilikuwa. Ulisimama mbele yangu ukapita. Zile hips si zangu, Kailemia. Hazijawahi kuwa zangu." Nimetuma kabla mkono haujabadilisha nia. Tiki mbili. Zimekuwa buluu. Ameona.

Shangazi ameingia, ameridhika mpaka anang'aa. Akasema sasa nivae sponji zangu, tumwonee kijana huruma, asitoke hapa na aibu mbili. Nikamwambia sizivai. Akaniangalia vizuri, kama mtu anayekumbuka nilivyomsihi jana jikoni, akatoka akafunga mlango polepole.

Basi nikamwambia Mukami azivue, nizitupe chini ya kitanda na mambo yaishe.

Hakunisikia. Yuko mbele ya kioo cha Mama. Amejigeuza upande mmoja, sasa ule mwingine. Amevuta kitenge nyuma kibane. Hacheki. Tangu tuingie hajacheka hata mara moja, na mimi sikuona kwa sababu ya simu.

Nimerudia kumwambia avue. Amesema kwa sauti ndogo, si aendelee nazo mpaka jioni, yule mpiga picha wa hapa kijijini aliyeitwa leo hajawahi kumwangalia hivyo. Ndipo akaniuliza Joyline alizinunua wapi.

Nje wanatuita. Viatu vinakuja kwenye nyasi, sitambui ni vya nani. Simu bado iko kimya. Nimemwambia Mukami sijui, na ameniangalia kupitia kioo akijua namdanganya.