Gogo la Magamba

Neema mjukuu wangu,

Huku Ilembo tu wazima. Bibi yako goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote.

Umeuliza kama kusimama kwa mguu mmoja kila asubuhi, kama kocha wenu wa chuo anavyowaambia, kunamfanya kijana asiyumbe, au mtu huzaliwa hivyo. Sijasomea, lakini niliona.

Nilikuwa na umri wako. Nilikwenda Magamba kulima kwa akina bibi yako, wanione kama nafaa kuoa. Siku ya kwenda shamba kupanda, tulikuta mvua imezoa daraja la mto, likabaki gogo moja juu ya maji yaliyofura. Bibi yako alitangulia na beseni kichwani bila kulishika, na ndani yake mlikuwa na mbegu yote ya karanga ya nyumba ile. Maji yananguruma chini, yeye anatembea tu. Nilisahau kupumua.

Nikamfuata mikono mitupu, mimi mbeba magunia. Katikati nikayumba, nikakaa, nikalikumbatia gogo. Wazazi wake wanatazama.

Alitua beseni ng'ambo, akarudi.

"We kijana, usitazame maji, nitazame mimi."

"Umejifunzia wapi?"

"Kisimani, kila siku tangu mdogo. Ulidhani maji huja nyumbani yenyewe?"

Akanishika mikono, akanivusha huku yeye akirudi kinyumenyume, bila kugeuka hata mara moja kuangalia anapokanyaga. Mpaka leo akipita uani, naacha kazi kwanza nimtazame.

Babu yako