Mistari Minne Kando ya Migomba

Homa Bay, Jumapili, 8 Juni

Dani, nyanya yangu mpendwa,

Leo nitakuambia yote, hata lile nililokuficha.

Jana mchana upepo ulitoka ziwani kabla ya mvua, ukalaza mahindi ya shangazi, isipokuwa mistari aliyokuwa ameiinulia udongo shinani. Nikamwambia, "Mwalimu alisema upepo husukuma kichwa, lakini mmea hung'oka mguuni." Akacheka. "Haya, profesa, shika jembe!" Tukainua bua moja moja, tukikanyaga udongo kwa visigino ukiwa bado umelowa. Yaliyovunjika tukampa ng'ombe.

Nililia, shangazi akadhani ni matope machoni. Dani, siku niliyoondoka Uriri nilikuambia nimeyainulia udongo mahindi yetu yote. Nilikudanganya. Mistari minne kando ya migomba sikuigusa, kwa sababu nilitaka kuketi nawe jikoni muda uliobaki. Hapa nakula samaki kila siku, lakini hakuna anayeniita kwa jina ulilonipa.

Mungu akutunzie mgongo wako. Usiiname wewe, nitakuja likizo niimalize mwenyewe. Mjukuu wako Akinyi anakupenda.

Nijibu upesi: ile mistari minne bado imesimama?