Kura Yangu Nimempa Jirani

Jumamosi, mwezi wa kumi. Joto la Maskati limelegea kidogo, ila mimi bado nachemka.

Leo tumepiga kura. Mume wangu, Baba Nasra, ni mjumbe wa majlisi tangu miaka ya tisini, anawasemea watu wa wilaya yetu serikalini, na anataka kurudi tena. Sifa zake simnyimi. Mtu akitaka taa mtaani kwake, yeye huyo. Bomba likipasuka, yeye huyo. Aza ya msiba haimpiti, harusi haimpiti. Sebule yetu haikauki wageni, na mimi na birika la kahawa tumekuwa mapacha.

Lakini kichochoro chetu ni mawe matupu mpaka leo.

Mitaa yote iliyotuzunguka imetiwa lami kwa kelele zake. Chetu hataki hata kukitaja. Eti watu watasema mjumbe kajipendelea! Mama yangu, tunayeishi naye, hatembei. Kila siku ya hospitali wanaume wanambeba na kiti chake cha magurudumu mpaka barabarani, naye kashikilia buibui lake, anasoma dua asianguke. Mwaka jana walimwangusha. Nililia, nikagomba, nikanuna. Wapi! Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu wangu kazidi.

Basi jirani yetu Khalfan naye akagombea, na ahadi yake ya kwanza ikawa lami ya kichochoro hiki. Asubuhi nimempeleka Mama kituoni, kabebwa kama kawaida, akapiga kura yake. Kisha nikaingia mimi, nikamchagua Khalfan.

Kukaa na siri siwezi. Wakati wa chakula cha mchana nikamwambia mume wangu usoni, nikingoja anune. Yeye akaendelea kutoa miba kwenye samaki wake.

"Hata mie nimempa Khalfan," akasema. "Nimeona haya kujipigia mwenyewe."

Nilitaka kumrushia sahani.

Miaka yote hii nagombana na mtu anayeionea haya nafsi yake! Kazunguka wilaya nzima kuomba kura, halafu yake mwenyewe kamgaia mpinzani. Nikacheka kwa hasira.

Mama alikuwa anatusikiliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nyie wote wawili hamna akili," akasema, akimwonyesha mume wangu kwa kidole. "Mie nimempa mwanangu huyu. Hiyo njia ntabebwa tu."

Baba Nasra akainamia wali wake na asiule. Mimi nikakimbilia jikoni kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Magharibi imeshaadhiniwa na matokeo bado. Akishinda, najua, mawe yatabaki na Mama ataendelea kubebwa. Najua vizuri sana. Na bado, kwenye sajda, nimejikuta namwombea ashinde.

Najikasirikia mpaka basi.