Koti Nisiloweza Kulivua

Rénovat, niko chooni kwa kina Bénie, Toongabbie. Nimejifungia. Sitoki!

Unajua leo nimekuja kujitambulisha kwa baba yake kama mchumba. Na unajua joto la Sydney mwezi huu, unyevu mpaka kuta zinatoa jasho. Nami nikajifanya fundi, nikakata mikono ya shati 😭 Nikabakiza vile vipande vya mwisho vyenye vifungo, nikavivaa kama bangili vichungulie kwenye koti. Nani angejua?

Feni yao imekufa, kaka. IMEKUFA.

Mama yake: "Vua koti, mwanangu, utazimia."

Nikasema nasikia baridi. Baridi, Rénovat! Huku jasho linadondokea kwenye sahani ya sombe! Mama akalivuta koti mwenyewe.

Mabega nje, bangili zangu mkononi. Bénie akafunika uso. Mzee hakucheka hata kidogo, ananitazama tu. Nikakimbilia huku, na dirisha lenyewe halipitishi hata paka.

Ngoja, kuna mtu anagonga.

Ni mzee 😳

Kaka. Kaka! Amesema, "Mkwe, fungua. Nimeleta mkasi. Shati langu nalo linaniua."

Umesoma alivyoniita?