Mama Veva, Tumeleta Printa Nyumbani

Mama Veva, mke wangu,

Mwakeye. Najua ungecheka kusikia ninavyoitamka. Tangu serikali inilete Kibondo kuwa afisa ugani, mimi mtu wa Kondoa, salamu ya Kiha haijawahi kunyooka kinywani mwangu, na wewe hukuchoka kuninyoosha. Nimekaa barazani, mawingu yameshuka upande wa Murungu, mvua haiko mbali. Nina habari za mtoto wetu na za chombo kimoja tulichokileta nyumbani, na nimeona haifai wazisikie wengine kabla yako.

Unakumbuka siku daktari wa macho alipotuambia kwamba Veva ana uoni hafifu, na kwamba miwani itamsaidia kidogo tu? Tulipofika nyumbani tu ulimwita, ukachukua daftari na makapeni nyeusi, ukaandika jina lake, kila herufi kubwa kama kikombe cha chai. "Unaiona hii?" Akasema anaiona. "Na hii?" Anaiona. Ukafunga kalamu, ukanigeukia.

"Basi tatizo si mtoto, Baba Veva. Tatizo ni vitabu."

Toka siku ile ukawa unamwandikia vitabu vyake upya. Maharage yakiwa jikoni, wewe uko mezani unanakili historia, sayansi, Kiswahili, unasoma kwa sauti huku mkono unakwenda. Nilikuwa napita nasikia mambo ya usanisinuru yakichanganyika na harufu ya kitunguu. Ramani tu ndizo zilizokushinda. "Ramani nitakusimulia," ulimwambia, na kweli ukamsimulia: huku milima, huku ziwa, mto unateremka hivi. Mtoto anafumba macho anakusikiliza. Hivyo ndivyo alivyofika kidato cha pili.

Halafu ikaja ile presha. Pale wodini, ulimi ukiwa tayari mzito, uliniambia, "Mwandikie sura ya nne." Nikakuahidi. Sikujua kwamba ndiyo wosia.

Nilijaribu, mke wangu. Unaujua mwandiko wangu. Wakulima wa Kumsenga wenyewe huniomba niwasomee ninachowaandikia. Mistari ilipanda kama inakwea kilima. Nilipomaliza sura ya nne, wenzake darasani walikuwa wameshaingia ya sita. Veva alizipokea zile karatasi kwa mikono miwili, akashukuru, lakini sikumwona akizisoma.

Nikaanza kumpeleka stationari pale mjini watukuzie kurasa. Vijana wale si wabaya. Lakini umeme ukikatika tunarudi mikono mitupu, na siku umeme ukiwepo, foleni inatoka hadi nje. Siku moja kopi ilitoka, Veva akaisogeza puani kuhakikisha inasomeka, kama anavyofanya siku zote. Mama mmoja nyuma yetu akasema, kwa huruma tu, "Masikini, binti mzuri hivi." Tulipofika nyumbani Veva akavua viatu, akaviweka chini ya kitanda.

"Baba, mimi nibaki nyumbani. Nitalima."

"Kulima kuna ubaya gani?" nilimwambia. "Lakini wewe hutaki kulima. Unataka kujificha."

"Ndiyo," alisema. "Nataka kujificha."

Mwalimu wake wa darasa alikuja kutuona jioni moja, dada mmoja kutoka Mbeya mwenye moyo wa mzazi. Alikaa na Veva nje, wakachambua mchicha pamoja, hakumsema hata kidogo. Alipoaga ndipo aliponiambia, "Baba, huyu akili anayo. Anachokosa ni kusoma mahali ambapo hakuna anayemtazama. Huwezi kupata mashine yako mwenyewe?"

Maharage ya msimu ule nilikuwa sijayauza. Wiki iliyofuata niliyapeleka Kasulu, na ndani ya mkoba nikatia kitabu cha jiografia cha Veva.

Kuna duka la printa karibu na soko, la mama mmoja wa asili ya Tanga anayeitwa Bi Mwanaisha. Nilikuwa nimeshajiamulia: nitanunua ile kubwa kuliko zote, maana niliamini mashine ikiwa kubwa na herufi zitakuwa kubwa. Niliinyooshea kidole ile ya juu ya rafu. Hakuishusha.

"Kaka yangu, kwanza nieleze. Yaenda kuchapa nini?"

Nikamweleza yote, hata yasiyohusu. Nikafika hata kwenye kifo chako. Yeye akasema, "Inna lillahi," akanisogezea kigoda. Baadaye akaomba kitabu, akakipima kwa kiganja.

"Ile uliyoitaka ni ya wino wa unga. Nzuri, ina kasi, lakini ikipata moto yavuta umeme mwingi. Kwenu mwatumia sola umeme ukikatika?"

Nikasema ndiyo, na inveta yetu ni ndogo.

"Basi itakulilia kila siku." Akanionyesha nyingine, ndogo, ya bei ya kumpendeza mtu. Ile hupokea karatasi kwa juu na kuzivuta moja moja. "Hii ili kitabu kipite itabidi ukichane. Utachana vitabu vya shule?" Ya tatu ilikuwa na kioo cha kulazia kitabu, lakini kopi iliyotoka ilikuwa saizi ileile ya kitabu, na vibonyezo vyake havikuwa na njia ya kukuza. Tena ilikuwa ya katriji ndogo, na Bi Mwanaisha akasema mwanafunzi mmoja ataimaliza kabla ya muhula kwisha.

Ya nne ndiyo tuliyo nayo. Ina kioo, ina matangi ya wino ubavuni ambayo unayajaza kwa chupa, haili umeme mwingi, na inapokea kazi kutoka kwenye simu: unalaza kitabu, unaskani, simu inaikata sehemu unayoitaka na kuikuza mpaka ijaze karatasi. Alinijaribia mle mle dukani, kwa mashine yake ya kuonyeshea. Nusu ukurasa wa jiografia ukatoka karatasi nzima. Niliushika ule ukurasa nikajikuta naunyoosha mbele ya uso kwa umbali wa mkono, na bado nausoma.

"Wino usiutie mpaka ufike nyumbani," aliniusia wakati anaifunga kwenye boksi. "Na ukishautia, usije ukailaza ubavu, itajitapikia." Nikaipakata toka Kasulu hadi Kibondo kama ulivyompakata Veva siku tuliyotoka naye hospitali.

Jumamosi asubuhi tukaifungua. Veva alikuja kwa shingo upande, akakaa mwisho wa meza. Kijitabu cha maelezo kilikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, hata mimi nilikuwa nakisogeza mbali na kukirudisha. Yeye akachukua simu, akapiga picha ukurasa, akaupanua kwa vidole viwili. "Baba, kwanza bandua hizo plasta za bluu. Zote. Kuna nyingine ndani." Nikabandua. "Sasa wino. Mweusi kwenye tangi la mweusi." Nikamimina polepole. Tukaiwasha. Ikanguruma, ikakohoa, ikatulia.

Shida ikaja kwenye kuiunganisha na simu. Hapa kwetu hatuna waifai, kwa hiyo tuliwasha hotspoti ya simu yangu, ile mpya niliyopewa kazini, ili mashine ijiunge nayo. Taa ya printa ikawa inapepesa tu. Simu inarusha, mashine inatafuta, hazionani. Tukaizima, tukaiwasha. Tukaandika nywila upya, tukidhani tumekosea herufi. Jua likafika utosini. Halafu umeme ukakatika, na mimi moyo ukakatika nao.

"Jumatatu nitairudisha," nilisema.

Veva alikuwa ameinama juu ya mashine, pua inakaribia kuigusa, anaipapasa kwa vidole kutafuta kila kibonyezo. Mke wangu, ni mara ya kwanza tangu tukuzike kumwona mtoto anakitaka kitu. "Mpigie yule mama wa Kasulu," aliniambia. "Mimi nawasha sola."

Bi Mwanaisha alipokea huku anahudumia wateja. "Simu yako ni mpya? Ah. Simu mpya nyingi zarusha hotspoti kwa masafa ya gigahezi tano. Mashine hiyo yasikia mbili nukta nne peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, ubadilishe masafa. Na wala huhitaji bando, hizo ni simu na mashine zaongea zenyewe kwa zenyewe."

Veva akanipokonya simu, akatafuta, akabadilisha. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Yeye ndiye aliyechagua ukurasa wa kwanza. Ulitoka na mistari myeupe katikati kama shati la wafungwa. Tukaiagiza mashine ijisafishe, tukasubiri, tukarudia. Wa pili ukatoka safi.

Ilikuwa ramani. Ramani ya mito ya magharibi, imekuzwa mpaka ikajaza karatasi. Veva akaitandaza mezani, akaifuata kwa kidole polepole. "Malagarasi," akasoma. Kidole kikapanda juu. "Moyowosi." Akanyanyua uso. "Baba, Moyowosi wetu huu huu umeandikwa kwenye kitabu?" Nikamwambia ndio huo huo. Akasema, "Mama alinisimulia sawasawa. Unapinda hapa hapa alipopasema." Nilitoka nje kuangalia mbuzi, ingawa unajua hatufugi mbuzi.

Kujificha hakukuisha siku moja. Lakini viatu vilitoka chini ya kitanda. Aliskani sura zote zilizompita, ukurasa mmoja wa kitabu unatoka karatasi mbili, nami nikawa natoboa na kufunga kwa uzi. Mwalimu akamwombea karatasi za mtihani wa kidato cha pili za maandishi makubwa. Hakuwa wa kwanza, wala wa pili, lakini jina lilikuwepo kati ya wanaoendelea, na sasa yuko kidato cha tatu. Kuna kijana wa kidato cha kwanza naye ana macho kama yake. Kurasa ambazo Veva hazihitaji tena zimehamia kwake.

Na hili la mwisho ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Juzi mama yako alikuja kutoka Kitanga kututembelea. Aliiona ile mashine, akaizunguka, akamuuliza Veva kama inaweza kukuza chochote. Kisha akafungua kitambaa, akatoa kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Tulikuwa hatujui, mke wangu: macho yamemwishia zamani, anashika kitabu kwaya inapoimba, lakini anaimba kwa kukariri. Veva akamchapia ule wimbo aupendao. Mama yako akaupokea, akaanza kuusoma kwa kidole, akakwama.

"Veva. Hili neno ni nini?"

"Ngome, Bibi. Wewe ndiwe ngome yangu."

"Si ng'ombe?"

"Ngome, Bibi. Boma la mawe, la kujikinga na maadui."

Bibi akaiweka karatasi magotini. "Kumbe! Miaka yote mimi namwimbia Mungu, wewe ndiwe ng'ombe yangu."

Mkwe hachekwi, nami niliuma mdomo mpaka ukauma. Mwenyewe akafikiri kidogo, akasema kwa utulivu, "Wala hajakasirika. Mwenye ng'ombe halali njaa." Halafu akaanza kucheka, yule mama yako asiyecheka, mabega yanaruka, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Veva akaangua. Nikashindwa, nikacheka mbele ya mkwe wangu bila adabu yoyote. Nyumba hii ilikuwa haijasikia kicheko tangu ulipoondoka. Tulipotulia, mama yako akasimama katikati ya sebule, akaimba wimbo wake wote kwa sauti, na alipofika pale, akaimba ng'ombe. Veva akamwitikia: ng'ombe.

Pumzika, mke wangu. Sisi tunaendelea.

Mume wako,
Baba Veva