Mkokoteni wa Shemeji Sobha

Kalewal, siku ya tisa ya mwezi wa Jeth

Mdogo wangu Tehal Singh,

Pokea salamu zangu nyingi. Sisi huku wazima, ila usingizi umetukimbia kwa ajili yako. Wewe na mkeo Jindo mnaendeleaje humo bomani?

Barua hii inaletwa na bibi Malan, mkata nyasi. Askari wa mfalme wanamwacha apite kwa sababu farasi wao wanataka kula. Nisikilize basi. Nikipanda juu ya paa, sioni mwisho wa jeshi linalowazunguka, na mume wangu Sobha anasema kila siku vinafika vikosi vingine kutoka Lahore. Ninyi mmejifungia kwenye ukuta wa udongo. Toka, Tehal! Najua hujasemezana na Sobha tangu matanga ya baba, ulipomwita mlamba sahani mbele za watu kwa kuwa anauza nyasi kwenye kambi ya askari hao. Alilia siku ile, hukujua. Lakini mlango wetu haujafungwa.

Dada yako,
Nihalo

Bomani Gurdas Nangal, siku ya 2 ya mwezi wa Harh

Dada Nihalo, shikamoo.

Barua imefika, imelowa jasho la bibi Malan. Mimi sijambo, Jindo hajambo, na tumbo lake nalo halijambo: lina miezi minne. Jiandae kuitwa shangazi.

Kutoka, sitoki. Tumefungulia maji ya mfereji, na nje ya ukuta kote sasa ni tope tupu. Farasi wao wanazama hadi magotini. Tena wanaambiana eti sisi ni wachawi, tunajigeuza mbwa na paka. Paka akichungulia tu ukutani, anapigwa mishale kumi! Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Dada, unakumbuka baba alivyolima maisha yake yote, nafaka ikaenda kwa mwenye shamba? Mwaka jana, tulipowaasi na kuwafukuza wenye mashamba, mimi nimevuna changu, mara ya kwanza katika ukoo wetu. Nikitoka leo, narudi kuwa mtu wa nani?

Shemeji mwambie nyasi zake ziote miiba.

Mdogo wako,
Tehal

Gurdas Nangal, 2 Maghar

Dada yangu,

Miezi mitano sijakuandikia, maana wamechimba handaki pande zote na hakuna aliyeweza kupita. Leo bibi Malan amefika kwa kutambaa ndani ya mfereji, ambao sasa umekauka. Hali yangu usiniulize, nitakudanganya.

Ngano iliisha mwezi wa Bhadon, miezi mitatu iliyopita. Tukala ng'ombe wa kulimia, tukala punda, tukala majani. Sasa tunasaga magome na mifupa, tunaita unga. Watu wanaharisha damu. Tunazika kila siku. Jindo amebaki macho na tumbo. Jana kaniambia, "Tehal, mtoto hachezi kama zamani."

Sina uso wa kumwomba shemeji. Niombee wewe. Mwambie yule mwenye mdomo mrefu kule matangani anapiga magoti. Amtoe Jindo tu. Mimi zamu yangu ukutani haina wa kuishika.

Mdogo wako,
Tehal

Kalewal, 5 Maghar

Mdogo wangu,

Salamu tutapeana tukionana. Nilimsomea Sobha barua yako. Alimaliza chapati yake, kisha akauliza, "Kasema kweli anapiga magoti?"

"Kasema."

"Mpumbavu! Nani kamtuma apige magoti? Si ndugu wa mke wangu yule?"

Kesho kutwa asubuhi, ukungu ukiwa mzito, Jindo atambae na bibi Malan mferejini mpaka kwenye daraja lililobomoka. Sobha atakuwa pale na mkokoteni wa nyasi. Asikohoe, asipige chafya. Wakimkamata, Sobha naye atakatwa kichwa. Anajua.

Dada yako,
Nihalo

Kalewal, 14 Poh

Mdogo wangu Tehal, popote walipokufunga,

Jindo alifika. Mkokoteni ulisimamishwa mara mbili. Mara ya pili askari alichoma mkuki kwenye nyasi, ukaingia pajani mwa mkeo. Hakutoa sauti. Sobha akasema, "Bwana, chakula cha farasi wako kimekukosea nini?" Wakacheka, wakampisha. Siku ya nne Jindo akajifungua mtoto wa kike, mdogo kama sungura, lakini kwa makelele ni wewe mtupu.

Kisha tukasikia boma limeanguka na mmetekwa.

Sobha ameshurutishwa kubeba mizigo ya msafara wenu hadi Delhi, anawafuata leo. Atajaribu kukupa karatasi hii ndani ya chapati.

Jana mlipopitishwa hapa, mimi na Jindo tulikuwepo. Mpiga mbiu alishatangaza: mwenye ndugu kati ya mateka atafungwa naye. Tukasimama kama watazamaji, mtoto nimempakata ndani ya shali. Mateka walikuwa wanapekua umati kwa macho, kila mtu anatafuta wake. Nikakuona, umefungwa mnyororo mmoja na mwenzako. Nikafunua shali kidogo.

Ukatazama mara moja. Halafu ukageuza uso, ukaangalia mashamba, wala hukurudisha macho mpaka mkapotea.

Mwanamke aliyekuwa kando yangu akasema, "Maskini yule, hana mtu hapa."

Nikamjibu, "Labda hana."

Nisamehe kwa jibu hilo. Jindo alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Tulikuelewa, Tehal, sote wawili. Leo mtoto amenyonya vizuri.

Dada yako,
Nihalo