Folda Nilipanga Mimi, Makofi Kapigiwa Baba Mkwe

Mama mshauri, nisaidie kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulimeza tena, maana aliyeniudhi ni baba mkwe wangu na mzee huyo nampenda kweli, alinipokea kama mwanawe wa kumzaa. Ni kinyozi mstaafu, na tangu ujana wake anakusanya makasha ya viberiti, wateja wakisafiri wanamletea, akayajaza kwenye maboksi ya viatu chini ya kitanda mpaka mama mkwe akawa anayapiga teke kila akifagia. Mimi nafanya kazi masjala, nalala na kuamka na mafaili, nikamwambia, "Baba, hivi vitaliwa na mende, tuviingize mtandaoni," kwa sababu ipo kanzidata ya wakusanyaji, kila mtu ana ukurasa wake, anaweka picha na maelezo na kuvipanga kwenye folda. Basi kila Jumamosi mwaka mzima napiga picha, yeye ananisimulia kasha lilitoka kwa nani, naandika, kisha nikaumiza kichwa na folda: ya ndege, ya taa, ya treni, ndani ya kila moja nyingine ndogo kwa rangi, na yaliyofifia nikayapa folda yao yasiaibike mbele ya mazima, na nikwambie ukweli mama, ukitaka tausi, tausi huyu hapa, hutafuti mara mbili. Mwezi jana wenye kanzidata wakauchagua ukurasa wetu uwe mfano kwa wengine, wakaandika kwamba hawajaona folda zilizopangwa vizuri namna ile. Folda! Hawakusema viberiti. Baba mkwe akaalika watu, wazazi wangu wakaja pia, akainua simu juu: "Mnaona mpangilio huu? Nimeupanga mwenyewe, kichwa hiki bado kinachemka!" Makofi yakapigwa, baba yangu mzazi akampa mkono, na mimi nimesimama na sinia la chai. Mume wangu nikimlalamikia ananijibu, "Mwache mzee afurahi, unapungukiwa nini?" Mimi sitaki sifa, mama, ila neno la siri la kuingilia ukurasa ninalo, na chini yake kuna nafasi ya jina la mpangaji, iko wazi. Niliandike kimyakimya au ninyamaze?

Mkwe wa Kinyozi

*

Mkwe wa Kinyozi, hiyo "sitaki sifa" kamdanganye mwingine. Unazitaka, na ni haki yako. Kazi uliyoifanya ni nzuri, watu wanaojua wameisifia, jivunie bila kuinamisha kichwa.

Lakini jina la kinyemela, hapana. Mzee akiligundua mbele ya wageni ataaibika, na wewe utaonekana mwizi wa kazi yako mwenyewe. Na siku ile, mwenzangu, ulishika sinia, hukushikwa ulimi. Ungecheka tu ukasema, "Baba, na mimi je?" yakaisha palepale. Mumeo naye mwambie asikupimie cha kupungukiwa.

Jumamosi hii kaa na mzee, mama mkwe awepo. Sema waziwazi unataka jina lako liandikwe. Usilie, usizunguke. Kisha mkalishe mbele ya kompyuta, mpe folda moja aipange mwenyewe, kwa kufuata watu waliomletea makasha. Aionje kazi.

Wasomaji, nilimpigia simu dada huyu kabla gazeti halijaenda mitamboni, uvumilivu ulinishinda. Kumbe ameshasema, hata folda ameshampa mzee apange, bila kusubiri jibu langu. Mzee alivua miwani. "Kwani halipo? Mimi nilijua umeliweka siku nyingi! Andika, tena kwa herufi kubwa." Akafikiri kidogo. "Ila zisizidi zangu."

Folda yake ilimchukua mchana mzima. Alitoka amepanga makasha machache tu, na mgongo unauma. "Mwanangu, zote zile uliziwezaje?"

Kisha akachukua simu, akampigia baba mzazi wa binti. "Mzee mwenzangu, siku ile nilikosea kusema. Folda kapanga binti yako, kila moja. Mlilea, kwa kweli mlilea."

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza dada.

"Jikoni, mama. Nikafunga bomba ili nisikie vizuri."